Madereva wangu hawasemi gari likiwa na kasoro. Nifanyeje?

Fundi wa Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia gereji ya kampuni ya utalii hapa Arusha, magari 11, Land Cruiser zote. Dereva akirudi Serengeti namuuliza, "Gari vipi?" Jibu ni lile lile: "Poa tu, fundi." Wiki iliyopita nikajilaza mwenyewe chini ya gari la "poa tu". Jani la pili la springi ya nyuma kushoto limekatika, na pale lilipokatika pameshaota kutu. Yaani limetembea hivyo safari zaidi ya moja, wageni wamo ndani. Kabla ya hapo springi ya gari jingine ilikatikia njiani karibu na lango la Naabi, watu wakakaa juani wakisubiri gari la kuwachukua.

Nimeweka daftari, halijazwi. Nimeitisha kikao, wote macho kwenye simu. Tukimaliza nawakuta kwa mama ntilie wanaongea mpaka chai inapoa. Tatizo ni mimi au wao?

Dereva Mstaafu
Fundi, kabla sijakujibu: dereva wa mwisho aliyekuambia gari lina kasoro, alipata nini?

Fundi wa Njiro
Mzee, umenishika pabaya. Alisema kuna kitu kinagonga mbele. Ofisi ikamkata 180,000 ya shokapu. Fomu niliijaza mimi, "uzembe wa dereva", maana bosi alitaka jibu kabla ya saa sita na hata tairi sikuwa nimefungua.

Dereva Mstaafu
Basi unajua kwa nini wamenyamaza. Nimeendesha miaka 22. Ile njia ya Ngorongoro kwenda Naabi inakung'uta mpaka meno, shokapu zinakufa hata ukienda kama umebeba mayai. Msimamizi akituuliza "nani kaharibu?" tulimwambia poa. Akiuliza "ilianza kugonga wapi?" tulimtajia mpaka taa ya ndani iliyoungua. Halafu usimuulize mtu getini, mabegi yanashushwa na yeye anawaza tipu. Kesho yake panda naye, zungukeni mpaka Kijenge, redio imezimwa.

Mzawa wa Moshi
Msiwatetee sana. Kuna wanaopitia Karatu kujaza magunia ya vitunguu vya Mang'ola kiti cha nyuma. Springi itapona wapi?

Dada wa Utumishi
Hata kama ni vitunguu, makato yana utaratibu wake. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kosa liwe lake kweli, apewe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apate nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Huyo kijana akienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fomu yako ndiyo itakayosomwa.

Fundi wa Njiro
Nimerudi. Leo asubuhi nilimwita yule wa shokapu, nikamwambia niliandika bila kufungua tairi. Hakunijibu. Tukazunguka Kijenge kimya kimya, tuliporudi akavuta daftari akaandika: "Breki inavuta kushoto. Mlango wa nyuma haushiki, tangu Pasaka."

Tangu Pasaka, jamani! Breki nimeshaifungua. Sasa napanda ofisini kwa ajili ya ile 180,000.