Ushauri: vipande vya vitenge, khanga na kaniki vinakaaje pamoja kwenye mfarishi mmoja?

Binti_Chikongola
Habari zenu wadau. Nashona nguo hapa Chikongola, Mtwara mjini, na mabaki ya vitambaa huwa siyatupi. Sasa nina kiroba kizima, nimeamua kumshonea mama mfarishi wa vipande. Yuko Newala, na mnaoijua Newala mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule juu. Kitanda chake ni futi tano kwa sita.

Kushona si tatizo. Kinachonisumbua ni kuchagua. Vipande vingi ni vitenge vya maua makubwa, nikivitandaza kwenye mkeka vinagombana, macho hayapati pa kutua. Kuna pia tetroni za sare za shule, satini iliyobaki kwenye nguo za harusi, jinzi, kaniki moja, na khanga mbili za marehemu bibi. Hizo khanga zimechakaa katikati ila pindo bado ni nzima, na mama amesema lazima ziwemo. Je, vyote vinaweza kukaa pamoja? Na rangi nizipangeje?

Fundi_Ndoro_Lindi
Dada, rangi iache kwanza. Anza na aina ya kitambaa, maana rangi mbaya mama ataizoea, lakini mfarishi unaochanika baada ya kufuliwa hauvumiliki.

Toa satini na jinzi. Satini inateleza chini ya mguu wa cherehani na inachanika kwenye mshono. Jinzi ni nzito, ukiiunganisha na kitenge chepesi inakivuta hadi kinatoboka pembeni mwa mshono. Jinzi itunze, siku moja uifanyie mfarishi wake peke yake, itapendeza sana. Tetroni ichague: ile nyembamba inakubali, ile ya suruali iache.

Halafu vitenge vyenyewe. Siku hizi sokoni vingi ni poliesta ingawa kwa macho vinafanana na pamba. Chomoa nyuzi chache uzichome kwa kibiriti juu ya sahani. Pamba inawaka na kunuka kama karatasi, majivu yake ni laini. Poliesta inasinyaa, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Tenga mafungu mawili. Pamba inataka pasi ya moto mkali, na moto huohuo utaiyeyusha poliesta. Tena pamba mpya inarudi, yaani inapungua, ikifuliwa, poliesta hairudi, kwa hiyo pamba yote ifue kabla ya kukata. La sivyo mfarishi utajikunja kila kona.

Mama_Mikindani
Hiyo kaniki uiangalie sana mwanangu, inachuja. Na khanga nyekundu, hasa kisutu, ni hivyohivyo. Loweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha.

Fundi_Ndoro_Lindi
Shikamoo mama. Kwa heshima, chumvi isitegemewe peke yake. Rangi ambayo haikushika kiwandani itaendelea kuchuja hata ukiiloweka. Dada, lowanisha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kandamiza kwa pasi ya moto. Cheupe kikibaki safi, kata. Kikipata rangi, fua hicho kitambaa peke yake mpaka maji yatoke meupe, kisha ukipime tena. Kikigoma kabisa, kiache nje, hata ukikipenda vipi.

Mwl_Sanaa_Masasi
Nijibu la rangi, maana ndilo ninalofundisha. Ukitazama vitenge unaona nyekundu, kijani, njano. Mfarishi hautazami hivyo. Unataka kujua kipi ni cheusicheusi, kipi ni cha kati, kipi ni cheupecheupe. Vyote vikiwa vya kati, hata kama vina rangi kumi tofauti, ukisimama mlangoni utaona ukungu tu. Nadhani hilo ndilo linalotokea kwenye mkeka wako, si wingi wa rangi.

Tandaza vipande, vipige picha kwa simu, kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa: kitenge chekundu na cha kijani ulivyodhani ni maadui vitakuwa kitu kimoja. Panga mafungu matatu kwa picha hiyo. Fundi mwenye mabaki ya vitenge mara nyingi hupungukiwa na fungu jeupe, na hapo ndipo tetroni nyeupe na ya bluu hafifu za sare zinapokuokoa. Weka kipande chenye maua, kifuatacho kiwe cha rangi moja au chenye alama ndogo sana. Maua makubwa mawili yasigusane.

Na ua kubwa usilipiganie liingie zima. Ukilikata katikati linageuka rangi tu, na mara nyingi linapendeza kuliko likiwa zima.

Binti_Chikongola
Mwalimu, nimepiga picha sasa hivi. Kweli kabisa, karibu vyote ni vya kati! Nina vyeupe vichache mno. Je, nikate vipande vya ukubwa gani? Na khanga za bibi?

Mwl_Sanaa_Masasi
Kwa vitenge vyako usikate vidogo. Kata inchi sita na nusu kila upande. Ukitoa robo inchi ya mshono pande zote, unabaki na inchi sita. Kumi kwa upana na kumi na mbili kwa urefu ni inchi 60 kwa 72, ndiyo futi tano kwa sita. Jumla vipande 120. Kama 40 hivi viwe vyeupe au hafifu.

Fundi_Ndoro_Lindi
Na ukate kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kipande cha krosi, yaani kilichokatwa kimshazari, kinavutika, kona hazitakutana.

Mama_Mikindani
Khanga za bibi yako usizikate vipande vidogo jamani. Pindo liwe pembezoni. Kila khanga ina pindo mbili ndefu, kwa hiyo unazo nne, na khanga ikiwa ya kawaida zina kama inchi 60 kila moja. Mbili zitatosha kichwani na miguuni. Za pembeni zitapungua inchi kumi na mbili hivi, ungia kwa pindo fupi. Kwenye kona nne weka kaniki, kama imekubali kutochuja. Kwa kuwa khanga zimezeeka, zishikize juu ya kitambaa chepesi cha pamba kabla ya kuunga. Na jina la khanga likate zima kama utepe, ulilaze upande wa kichwani ili mama yako alisome akitandika.

Mzawa_Kilwa
Kama utashona kwa mkono, watafute kwenye intaneti Wasidi wa Karnataka, India. Asili yao ni Afrika Mashariki. Mfarishi wao wanauita kawandi: wanaanzia kwenye ukingo, wanaweka vipande na kuvishona kwa sindano wakizunguka kuelekea katikati, bila kupima miraba. Vipande vyako vya ajabuajabu vitapata kazi huko.

Binti_Chikongola
Asanteni sana. Huu nitaushona kwa cherehani, wa Wasidi nitaujaribu kwa vile vidogo. La mwisho: ndani niweke sufi?

Fundi_Ndoro_Lindi
Sufi ni ya mito. Kwenye mfarishi itahamia upande mmoja, na ukiufua inakaa mabonge. Weka blanketi kuukuu jepesi, lililokwisha fuliwa mara nyingi, chini bitana ya pamba. Shona kupitia tabaka zote tatu juu ya mistari ya miraba, ukianzia katikati kwenda nje, usije ukapata mikunjo upande wa chini.