Chekechea za Dodoma, bembea ni za kupigia picha tu?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu ana miaka minne, yuko beibi klasi kwenye shule moja ya binafsi huku Nzuguni. Bango la getini lina bembea, matairi ya rangi, watoto wanacheka mpaka magego yanaonekana. Jana nimemfuata saa nne asubuhi nimpeleke kliniki, nakuta bembea zimefungwa minyororo! Kuuliza, naambiwa wakiachiwa wanachafua sare. Zinafunguliwa siku ya wazazi. Kumbe ada yote ile ni ya kutunza bembea?

Ndani sasa. Wamebanana kwenye madawati, kila mmoja na daftari, "a" ukurasa mzima. Wa kwangu kashika penseli kama anashika mchi. Mwalimu ananiambia, "Baba, huyu ni mzito kidogo." Mzito wa nini? Vidole havijakomaa! Mwache afinyange udongo, apange vizibo vya soda, acheze mdako: arushe kete juu, achote vijiwe shimoni, avirudishe abakize kimoja, adake kete kabla haijaanguka. Hapo kuna hesabu, kuna macho, kuna vidole, na hakuna aliyechapwa rula.

Na msianze na habari za "mambo ya wazungu". Mtaala wetu wenyewe wa elimu ya awali unasema mtoto ajifunze kwa michezo, darasa liwe na kona za ujifunzaji. PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi, ilizinduliwa hapahapa Dodoma Desemba 2021. Kona niliyoiona mimi ina ndoo na fagio.

Dada yangu anafundisha awali kayumba moja, shule ya serikali, kule Chamwino. Bembea hana, darasa limefurika, anahesabisha kwa mbegu za ubuyu chini ya mti. Ukimwambia mtoto wa darasa lake "lete tano", anakuletea tano. Wa kwangu anaimba wani mpaka twenti, muwekee vijiko vitatu mezani uone anavyobabaika.

Ila wazazi nasi tuna yetu. Kikao kilichopita mama mmoja kasimama: mbona wa jirani anasoma sentensi, wangu bado anaimba tu? Makofi ukumbi mzima! Mwenye shule naye anatafuta wateja, atafanyaje.

Muhula ujao simrudishi. Mwenye kujua shule Nzuguni, Ilazo au Kisasa ambako mtoto anarudi na vumbi magotini, aitaje hapa na ada yake. Wale wa "mbona sisi tulichapwa tukasoma", piteni kimya.