Lango la kuingilia mtandao wa kazini kutoka nje: WireGuard, OpenVPN, SSH, Guacamole au Tailscale?

mlinzi_wa_seva:
Wakuu habari zenu. Nimepewa kazi ya kuweka lango ambalo wafanyakazi watapitia kuingia kwenye mtandao wa ofisi wakiwa nje. Naomba mawazo ya watu waliokwisha kuendesha vitu hivi, maana matangazo ya bidhaa nimeyasoma yamenitosha.

Hali ilivyo: watu 40 hivi, wengi wao wanataka kubofya na kuanza kazi. Kuna seva kadhaa za Linux, kuna seva mbili za Windows zenye programu ya uhasibu inayofunguliwa kwa RDP (kuiona na kuitumia skrini ya Windows kwa mbali), na kuna mafundi wa nje wanaoingia mara mojamoja kufanya matengenezo. Wasimamizi tuko wawili tu. Poti 3389, mlango wa RDP, ya seva mojawapo iko wazi kwa intaneti nzima, nimeikuta hivyo.

Nimebakiza chaguo zilizo kwenye kichwa cha mada. Ipi inafaa, na kwa nini?

fundi_kebo:
Mkuu, ulinganisho utasubiri. Hiyo 3389 ifunge leo.

Mei 2019 Microsoft walitoa sasisho la tundu (kasoro ya usalama) lililoitwa BlueKeep, CVE-2019-0708. Mtu asiye na akaunti wala nenosiri aliweza kuendesha programu yake ndani ya mashine yako kupitia RDP. Lilikuwa zito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyoachwa kuhudumiwa tangu 2014, ilitolewa sasisho lake. Na ukiliziba tundu hilo bado zipo roboti zinazobahatisha manenosiri usiku na mchana. Kuhamishia RDP kwenye poti nyingine hakukufichi, kwa sababu wanaoskani wanaskani poti zote.

Kama kuna mtu lazima aingie wiki hii, ruhusu anwani yake ya IP peke yake kwenye ukuta-moto mpaka lango liwe tayari.

mlinzi_wa_seva:
Imefungwa, mkuu. Asante. Tuendelee.

Bi_Pakiti:
Mimi nianze na WireGuard, ambayo ni VPN (njia iliyosimbwa kati ya kifaa na mtandao wa ofisi), kwa kuwa ndiyo ninayoishi nayo.

Uzuri wake mkubwa ni udogo. Iliingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux toleo 5.6, Machi 2020, ikiwa na mistari ya msimbo kama 4,000 tu, kiasi ambacho mtu mmoja makini anaweza kukisoma chote. Haina mjadala wa kuchagua algoriti za usimbaji: ni Curve25519 na ChaCha20-Poly1305, basi. Hakuna mpangilio dhaifu unaoweza kuuwasha bila kujua. Na haijibu pakiti yoyote isiyotoka kwa ufunguo inaoutambua, hivyo anayeskani poti yako ya UDP haambulii hata dalili kwamba kuna kitu pale.

Sasa upande wa pili, ambao wengi hawauzungumzi. WireGuard haimjui mtu, inaujua ufunguo. Ufunguo wa siri unakaa kwenye faili ndani ya laptopu. Mwizi akiiba laptopu iliyo wazi, ameingia. Hakuna nenosiri, hakuna namba ya hatua ya pili. Ukitaka kujua ni nani hasa aliyekaa mbele ya kile kifaa, lazima uweke kitu kingine juu yake.

Jambo la pili ni AllowedIPs, orodha ya anwani kwenye usanidi; hapa watu wanapotea sana. Kwenye faili ya mteja, AllowedIPs inaamua ni anwani zipi zipelekwe ndani ya VPN. Ukimwandikia mtu wa uhasibu anwani ya seva moja, hujamzuia kitu: faili ni yake, ataihariri na kuandika mtandao mzima. Upande wa seva, AllowedIPs inahakikisha kwamba pakiti za ufunguo fulani zinatoka kwenye anwani uliyompa yeye. Hiyo ndiyo faida yenyewe, maana sasa unaweza kuandika kanuni za nftables (ukuta-moto wa Linux) kwenye lango ukiwa na uhakika kwamba 10.8.0.14 ni kifaa kile kile. Nani afike wapi huamuliwa na ukuta-moto wa lango. Anza kwa kukataa kila kitu, kisha ruhusu kimoja kimoja.

nahodha_wa_njia:
Nakuunga mkono Bi Pakiti kwa AllowedIPs. Lakini kwa watu 40 wasio mafundi mimi bado ningesimama na OpenVPN.

Sababu ya kwanza: inamtambua mtu. Unaweza kudai cheti, jina na nenosiri, pamoja na namba za TOTP (zinazobadilika kila mara kwenye simu), vyote kwa pamoja, na ukaifunga kwenye orodha ya watumiaji uliyo nayo tayari. Sababu ya pili: inaweza kupita kwenye TCP 443, poti ile ile ya tovuti za HTTPS. Iko mitandao ya hoteli na ya wageni inayozuia UDP yote, na hapo WireGuard inakaa kimya, mtumiaji anapiga simu. TCP juu ya TCP ni mbaya kwa kasi, kwa kuwa pakiti ikipotea tabaka zote mbili zinaituma upya, kwa hiyo iwe njia ya akiba tu. UDP 1194 ndiyo ya kila siku. Washa pia tls-crypt, ufunguo wa pamoja kati ya seva na wateja, wasio nao wasijibiwe.

Lakini nieleze jambo ambalo kwangu ndilo linalopaswa kuamua ulinganisho wote huu. Wengi hulinganisha malango kwa jinsi mtu anavyoingia. Mimi huuliza anavyotolewa. Fundi amemaliza mkataba saa nne asubuhi, unataka saa nne na dakika moja asiwe ndani. Chukua kila chaguo ulilonalo ulipitishe kwenye swali hilo.

OpenVPN: unafuta cheti, unatengeneza upya orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, yaani CRL. Seva inaisoma upya orodha hiyo mteja mpya anapounganika, au aliyemo anapofanya upya makubaliano ya TLS (usimbaji wa muunganisho), na kwa kawaida hilo ni kila baada ya saa moja. Maana yake uliyembatilisha anaweza kubaki ndani karibu saa nzima usipomkata kwa mkono kupitia management interface, njia ya kuiamuru seva ikiwa inaendelea kufanya kazi. Halafu hiyo CRL nayo ina tarehe ya mwisho. Easy-RSA 3, zana ya kutengeneza vyeti hivyo, huipa siku 180 usipobadilisha. Ikipita, seva inawakataa wote, wazuri na wabaya, asubuhi moja bila onyo. Iwekee kazi ya cron (inayojirudia yenyewe kwa ratiba) ya kuitengeneza upya kila mwezi.

Bi_Pakiti:
Kwa swali hilo la nahodha, WireGuard inajibu vizuri: ukimwondoa kwa amri ya `wg set` anakatika papo hapo. Ila ukisahau kumfuta kwenye faili ya usanidi, atarudi siku seva itakapowashwa upya. Kwa hiyo orodha ya funguo ikae mahali pamoja, seva isanidiwe kutoka hapo, wala mtu asiguse kwa mkono.

tawi_la_ssh:
Naona SSH (kuingia na kuamuru seva kwa mbali kwa maandishi) imeachwa pembeni. Kwa nyinyi wasimamizi wawili hamhitaji zaidi ya seva moja ya kupitia. ProxyJump, kuruka kupitia seva moja hadi nyingine, ipo tangu OpenSSH 7.3 ya 2016, unaandika `ssh -J lango seva` na muunganisho wa ndani unasimbwa kutoka kwenye mashine yako hadi kule mwisho. Lango linapitisha tu. Msitumie agent forwarding, yaani kuipa seva ya mbali nafasi ya kutumia programu inayoshika funguo zako, kwa kazi hii. Ukiipeleka agent yako kwenye lango, aliyeshika root (mamlaka yote) pale anaweza kuitumia kuingia kwingine kwa jina lako muda wote ukiwa umeunganishwa.

Manenosiri yazimwe kabisa. Kuanzia toleo 8.2 la Februari 2020 kuna funguo za aina ya ed25519-sk, zinazofanya kazi pamoja na kifaa cha FIDO (kidude cha uthibitisho) mkononi: asipokigusa, haingii. Hiyo ndiyo hatua ya pili ambayo WireGuard haina.

Kuhusu kumtoa mtu: badala ya kutawanya funguo za umma kwenye kila seva, tumieni vyeti vya SSH vyenye uhai wa saa chache. Mtu akiondoka hupewi kazi ya kuzunguka seva 15 ukifuta mistari, unaacha tu kumtolea cheti kingine.

Na msidhani SSH ni chuma. Julai 2024 lilitangazwa tundu CVE-2024-6387 lililoruhusu mtu asiyejulikana kupata root kwenye Linux nyingi zenye glibc (maktaba ya msingi ya programu). Poti 22 ya lango ikae nyuma ya WireGuard ikiwezekana.

mlinzi_wa_seva:
Hii ya wasimamizi nimeielewa vizuri. Vipi mafundi wa nje? Sitaki kuwapa VPN kwenye laptopu nisizozisimamia. Na kuna muuzaji anatushawishi tununue kifaa kizima cha VPN, anasema usalama umo ndani tayari.

mwalimu_logi:
Mafundi wa nje ndiyo kazi ya Apache Guacamole. Wanafungua kivinjari, wanaona skrini ya seva moja uliyowaruhusu, kwa RDP, VNC au SSH. Kompyuta yao haipati anwani kwenye mtandao wako, kwa hiyo virusi vilivyomo humo havina njia ya kuskani seva nyingine. Unaweza kuzuia kunakili faili, na unaweza kurekodi kikao kizima ukakiangalia baadaye. Fundi akisema hakugusa kitu, rekodi ipo. Ukimfungia akaunti, kikate pia kikao kilicho hai kwenye ukurasa wa vikao. Ni hatua mbili.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuiweka. Akaunti ya kuanzia inaitwa guacadmin na nenosiri lake ni hilo hilo neno. Tengeneza msimamizi mpya kisha ifute, usiibadilishe nenosiri tu. Washa nyongeza ya TOTP. Iweke nyuma ya nginx (seva ya wavuti) yenye TLS. Na guacd, huduma yake ya ndani, inayosikiliza poti 4822 isionekane nje ya mashine yake, kwa kuwa haiulizi yeyote ni nani. Saa ya seva ifuate NTP (huduma ya kulinganisha saa mtandaoni), la sivyo namba za TOTP zitakataliwa na mtajiuliza tatizo ni nini.

fundi_kebo:
Kuhusu kifaa cha dukani: "usalama umo ndani" si kauli ya kuikubali. Vifaa hivi vinakaa ukingoni mwa mtandao, vina kurasa za wavuti zinazotazama intaneti, na huwezi kuvifungua uone kinachoendelea ndani. Historia yao ni ndefu: Pulse Secure na Fortinet matundu ya 2018 na 2019, kisha Oktoba 2023 Citrix Bleed, CVE-2023-4966. Hili la Citrix lina funzo kubwa kwa swali la nahodha. Tundu lilivujisha tokeni za vikao (vithibitisho kwamba mtu amekwisha kuingia), kwa hiyo aliyeweka sasisho bila kuvunja vikao vyote vilivyokuwepo alimwacha mwizi ndani na tokeni halali, amepita hata hatua ya pili ya uthibitishaji. Na mwishoni mwa Januari 2024 CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, iliziagiza taasisi za serikali kuu ya Marekani zivichomoe vifaa vya Ivanti Connect Secure ndani ya saa 48.

Sisemi usinunue. Ukinunua, muulize muuzaji masasisho ya dharura yanatoka kwa muda gani, na nani kwenu ataamka kuyaweka.

dada_itifaki:
Mmeisahau Tailscale. Kwa ofisi yenye wasimamizi wawili ni ya kuifikiria kwa uzito.

Chini yake ni WireGuard ile ile, lakini inaongeza kitu ambacho Bi Pakiti alisema hakipo: mtu anaingia kwa akaunti yake ya kazi, yenye hatua mbili. Hufungui poti yoyote kwenye ruta, kwa hiyo hata mtoa huduma akiwa amewaweka nyuma ya CGNAT (wateja wengi kwa anwani moja ya nje) inafanya kazi. Vifaa viwili visipoweza kufikiana moja kwa moja, data inapita kwenye seva zao za kupitishia, DERP, ikiwa imesimbwa mwisho hadi mwisho. Nani afike wapi unaandika kwenye faili moja ya kanuni.

nahodha_wa_njia:
Dada, hoja yako ni nzuri, lakini sema na gharama yake ya kuamini. Seva ya uratibu ya Tailscale ndiyo inayogawa funguo za umma. Aliyeishika anaweza kuongeza kifaa kwenye mtandao wako.

dada_itifaki:
Kweli kabisa, ndiyo sababu kuna tailnet lock: kifaa kipya hakikubaliki mpaka kisainiwe na kifaa chako mwenyewe. Na asiyetaka kumtegemea mtu ana Headscale, anaendesha uratibu huo kwenye seva yake. Ila hapo umerudi kuwa na kitu kingine cha kusasisha na kulinda, na mlinzi ana mikono minne tu ofisini. Mimi kwa hali yake ningechukua huduma iliyo tayari na kuwasha lock siku ya kwanza.

Bi_Pakiti:
Yoyote utakayochagua, tazama akaunti zisizotumika. Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani iliyoshambuliwa Mei 2021: wavamizi waliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo haikutakiwa kuwa hai tena na haikuwa na hatua ya pili. Hakukuwa na tundu lolote la kiufundi. Kila mwezi toa orodha ya nani ana njia ya kuingia, mpe mkuu wa kila idara aweke alama kwa walio wake. Asiyewekewa alama anafungwa.

mlinzi_wa_seva:
Nimewasoma wote mara mbili. Naelekea hivi: wafanyakazi Tailscale yenye akaunti za kazi na lock, kanuni zikimruhusu wa uhasibu afike 3389 ya seva zake tu. Mafundi wa nje Guacamole. Sisi wawili SSH yenye funguo za FIDO, poti yake isionekane nje. Kifaa cha dukani hapana.

Swali la mwisho. Huduma ya uratibu ikianguka, au nikijifungia nje kwa kanuni mbaya ya ukuta-moto, nitaingiaje?

tawi_la_ssh:
Uratibu ukianguka, vifaa vilivyokwisha kuunganika huendelea kwa kuwa funguo wanazo. Usichoweza ni kuongeza kipya au kubadili kanuni. Hata hivyo weka WireGuard ya kawaida kwenye mashine nyingine, yenye funguo mbili tu, zenu nyinyi wasimamizi. Ijaribuni kila mwezi siku ile ile ya kupitia orodha.

Kwa kanuni mbaya, usibadilishe ukuta-moto kwa mbali bila njia ya kurudi. Hifadhi kanuni zilizopo kwa `nft list ruleset` kwenye faili, ukiweka `flush ruleset` mstari wa kwanza ili zisiongezwe juu ya zile mbaya. Ratibu `at now + 5 minutes` irudishe faili hiyo, ndipo uweke mpya. Kisha fungua muunganisho mwingine mpya, usiamini ule uliokuwa wazi, kwa sababu unaweza kuwa umebakizwa na conntrack, kumbukumbu ya ukuta-moto ya miunganisho iliyokuwepo. Mpya ukiingia, futa ile kazi kwa `atrm`.

mlinzi_wa_seva:
Nimeielewa. Naanza na Guacamole, kuna fundi anakuja Alhamisi.