Mjadala: Mashindano ya maswali ya vyuo vikuu yarudi runingani kwa pesa za umma?

Mleta mada, Kisumu

Wenzangu, hamjambo. Swali ni hili: je, KBC, shirika la utangazaji la umma, itumie pesa za mlipa kodi kurudisha runingani mashindano ya maswali kati ya vyuo vikuu? Mimi nasema ndiyo, na sioni haya kusema.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuyaona: mwaka 2007 kulianza Celtel Africa Challenge, kisha ikawa Zain Africa Challenge kampuni ya simu iliyoidhamini ilipobadili jina 2008. Wanafunzi wanne kila upande, kila mmoja na kitufe chake, na John Sibi-Okumu akiuliza maswali kwa utulivu wa mwalimu ambaye hajawahi kupandisha sauti darasani. Vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vilikutana na vya Zambia, Malawi na Nigeria. Mwaka 2010 Zain ikauza biashara yake ya Afrika kwa Bharti Airtel, na mashindano yakaondoka na jina. Sisi watazamaji hakuna aliyetuuliza. Ndiyo maana sitaki tena tegemeo liwe kampuni ya simu.

Angalieni Uingereza. University Challenge ilianza 1962, ikiiga College Bowl ya Marekani iliyoanzia redioni 1953. Ilisimama 1987, BBC ikaifufua 1994, na ipo hadi leo. Zaidi ya miaka 60, waendeshaji watatu tu: Bamber Gascoigne, Jeremy Paxman, na tangu 2023 Amol Rajan. Mimi huifuata kwa bando la usiku, kipindi kikishapakiwa YouTube. Mpwa wangu hukaa na daftari, tunaandikiana alama. Swali la kuanzia ni alama 10, na ukilipata timu yako inapewa mengine matatu ya alama 5 kila moja. Hapo mnaruhusiwa kunong'onezana. Lakini utamu wenyewe uko kwenye swali la kuanzia: mtu anabonyeza kabla halijaisha kusomwa, jina lake linatajwa, na sura inamwonyesha kabisa kwamba jibu lililokuwa ulimini limetoroka. Akikosea wanakatwa alama 5, wapinzani wanasomewa swali lote kwa raha zao. Mpwa wangu hupiga kelele kuliko siku Gor na AFC wanapokutana uwanjani kwa mpira.

Karibuni, ila msije na matusi.

Mhadhiri, Maseno

Mleta mada, nakuheshimu, lakini umeanza vibaya. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma tuligoma kwa wiki saba tukidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Mkataba huo ulishapitwa na wakati na pesa zilikuwa bado hazijalipwa! Halafu wewe unataka taa za studio na viti vya kuzunguka.

Halafu hoja yako inajipiga yenyewe. Umesema University Challenge ilianza 1962. Ni kweli, lakini ilianza ITV, kwa kampuni ya Granada, kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara. Ilidumu huko miaka 25 bila senti ya umma. Kwa hiyo usituambie biashara haiwezi kulea kitu cha namna hii. Tatizo la Zain ni kwamba mdhamini alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa jina la kipindi. Tafuteni wadhamini watano wadogo, muache bajeti ya elimu.

La mwisho, kwa kifupi: kujua mji mkuu wa Burkina Faso kwa sekunde mbili si usomi.

Komredi, Njoro

Shikamoo mwalimu. Kuhusu mgomo niko nanyi, nililala hosteli wiki saba nikila madondo ya mkopo. Lakini bajeti ya KBC si bajeti ya mishahara yenu, na kipindi hiki kisipokuwepo bilioni 7.9 hazitakuja mbio.

Kuhusu usomi, nakataa. Hebu mwalimu atazame maswali yenyewe. Mara nyingi yanaanza mbali, yanaanza na jambo ambalo huwezi kulijua, kisha yanasogea. Anayebonyeza mapema amekwisha kukisia swali linaelekea wapi. Kukariri pekee hakumsaidii. Na kuna raundi ya picha na ya muziki. Unapigiwa nusu dakika ya muziki, sema ni wa nani. Tena ndio mtihani pekee wa chuo ninaoujua ambao mtu hawezi kuingia na mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia, kwenye soksi.

Msomaji, Kakamega

Mulembe wote. Mnabishana pesa, mimi nauliza nani anaingia. Huko Uingereza kwenyewe hili lilileta vita. Vyuo vidogo vya ndani ya Oxford na Cambridge vinaruhusiwa kuingia kila kimoja peke yake, huku chuo kikuu kingine kizima kikipeleka timu moja. Mwaka 1975 vijana wa Manchester walichoka. Wakaingia studio wakawa wanajibu maswali kwa majina ya wanamapinduzi tu: Trotsky, Lenin, Marx, Che Guevara. Ukiulizwa la mto, Che Guevara. Ukiulizwa la muziki, Lenin. Walipoteza, lakini hoja yao mpaka leo inatajwa, na Manchester baadaye wakaja kushinda kombe mara nne.

Sasa lete hilo Kenya. Chuo chenye kampasi kila mji kitapeleka timu ngapi? Masinde Muliro ilikuwa chuo kikuu kamili 2007, Kibabii ikapata hati ya chuo kikuu 2015, Alupe 2022. Maktaba za vyuo hivi bado zinajengwa. Ukiviweka raundi ya kwanza dhidi ya wakubwa wa Nairobi, kwenye studio ya Nairobi, baada ya kusafiri usiku kucha, ni mchezo gani huo? Mimi nitaunga mkono pesa za umma kama raundi za mwanzo zitachezwa kwa kanda. Magharibi wakutane Kakamega au Kisumu, ukumbi ujae wazazi, kamera ndizo zisafiri. Bila hivyo, mtakuwa mmelipia burudani ya mji mmoja kwa kodi ya nchi nzima.

Mama wa Bungoma

Wanangu, mnasahau watoto wa shule. Ghana tangu 1993 wana National Science and Maths Quiz, ya shule za upili, si ya vyuo. Shule ya PRESEC Legon walifikisha ushindi wa nane mwaka 2023. Siku ya fainali wazee wa shule hizo wanavaa rangi zao kama harusi. Na anayeuliza maswali tangu 2006 ni Profesa Elsie Effah Kaufmann, mhandisi mwanamke. Msichana aliyekaa Kimilili akitazama kitu kama hicho hahitaji kuhubiriwa kuhusu sayansi.

Mwanafunzi wa chuo ameshafika. Kama pesa ni kidogo, shule kama Kamusinga na Butere kwanza, chuo baadaye.

Jambo jingine. Haya maswali yataulizwa kwa lugha gani? Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kipindi cha pesa za umma kikiendeshwa kwa Kiingereza kitupu, mimi kodi yangu nairudisha mfukoni. Sisi tulikua tukitegana vitendawili jioni. Ukishindwa unatoa mji, na mwenzako anaupokea kwa madaha ndipo akupe jibu. Kushindana kwa maswali si kitu tulicholetewa na televisheni.

Mleta mada, Kisumu

Mama, hapo kwa lugha umenimaliza, sina la kujibu. Nusu ya maswali kwa Kiswahili, na mtu ajibu kwa lugha aliyoulizwa. Lakini la shule kwanza silikubali moja kwa moja. Shule za upili tayari zina tamasha za muziki na drama zinazopelekwa hadi ngazi ya taifa, na mzazi hufunga duka kwenda kuzitazama. Mwanafunzi wa chuo akionekana runingani kwetu ni mambo mawili, mgomo au maandamano.

Mhadhiri, hoja ya ITV umenibana vizuri. Ila tazama mwisho wake: 1987 kituo cha biashara kikaachana nayo, ikakaa gizani hadi BBC, inayolipiwa na ada ya wenye televisheni, ilipoiokota. Wadhamini watano nakubali waje, walipie zawadi na usafiri. Studio, kamera na saa ya kurusha viwe vya umma, ili mdhamini akihama asiondoke na kipindi. Studio za KBC zipo na wafanyakazi wapo. Tunachoomba ni nusu saa kwa wiki.

Ndugu wa Kakamega, timu moja kila chuo kikuu, kampasi zisihesabiwe. Raundi za kanda, ndiyo.

Mhadhiri, Maseno

Nusu saa kwa wiki si bure, muulize yeyote aliyewahi kutunga mtihani. Kila kipindi kinataka maswali mengi, na kila swali lihakikiwe na watu wawili, la sivyo siku ya kwanza mtampokonya mtoto alama kwa jibu lililokuwa sahihi. Watungaji hao mtawalipa lini, au nao watasubiri miaka kama sisi? Bado napinga. Ila mkinipa kazi ya kutunga ya historia, nitaifanya.

Komredi, Njoro

Mwalimu ameshaingia ndani, tumfungieni mlango! Mimi nina sharti moja tu kabla sijaunga mkono kikamilifu: wanne wa timu wapatikane kwa mchujo wa wazi, bwaloni, kila mtu akiona. Tukisikia majina yametoka ofisini kwenye barua yenye muhuri, tutafanya kama Manchester, na sisi majina ya kujibu tunayo mengi.