Naomba ushauri: "blizzard" ni theluji nyingi tu au kuna zaidi?

Mtanga wa Fargo: Wakuu, habari za majukumu. Niko Fargo, North Dakota, na hii ndiyo baridi yangu ya kwanza. Jana simu ililia onyo la "blizzard". Nikachungulia dirishani, theluji haianguki hata chembe, nikashika njia kwenda kazini. Nilipotoka tu mjini, upepo ukaanza kuinua theluji ya juzi iliyolala mashambani. Nikawa sioni hata boneti ya gari langu! Nimegeuza, nimerudi nikifuata taa za nyuma za lori. Kamusi inasema ni dhoruba ya theluji. Sasa mbona haikuanguka? Na mama akipiga simu nimweleze vipi?

Dereva Masafa: Pole sana mkuu, mshukuru Mungu umefika. Neno hilo halipimi wingi wa theluji. Mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani inataka upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, theluji ikianguka au ikipeperushwa, usione zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa 3 au zaidi. Theluji inaweza kukufika magotini kimyakimya na isiitwe hivyo. Iliyokukuta wanaiita "ground blizzard", yaani ya theluji iliyokwishalala chini ikiinuliwa na upepo.

Siku nyingine likitoka onyo, baki nyumbani. Ukinasa njiani usishuke kwenda kutafuta msaada, utapotea hatua chache tu kutoka kwenye gari. Zibua ekzosi kabla ya kuwasha injini, theluji ikiiziba moshi wenye sumu unaingia ndani. Blanketi lisikose. Kwenye blizzard ya mji wa Buffalo, New York, Desemba 2022, kuna watu walikutwa wamekufa ndani ya magari yao.

Bint Makorora: Zamani neno hilo lilimaanisha pigo kali, hata mfululizo wa risasi. Kwenye theluji liliingia miaka ya 1870, gazeti moja la Iowa likiwa miongoni mwa ya kwanza kulitumia. Mimi ningesema tufani ya theluji, upepo usikike. Mama wa Tanga anaijua kusi ikichachamaa. Mwambie ni hiyo, ila inarusha unga mweupe, baridi inakata masikio.

Na bosi akikwambia "I'm snowed under", hazungumzii theluji. Kazi zimemwelemea.

Mtanga wa Fargo: Asanteni sana. Blanketi nimeshaweka kwenye buti. Mama nimempigia, la kusi kalielewa papo hapo. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo mwenye lori, naye alifika?"