Mrejesho: Tumerudi kutoka Namugongo

Wapendwa, niliuliza jumuiya yetu ya hapa Moshi ijiandae vipi kwenda Namugongo, Uganda, kwa basi, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, Juni 3. Tumerudi salama, asanteni mno.

Aliyesisitiza tuchanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla, Mungu akubariki. Kadi ziliulizwa mpakani, na basi la nyuma yetu tuliliacha likibembeleza.

Sare ya kitenge, ili tusipoteane kwenye umati, imesaidia nusu tu. Kumbe kuna parokia nyingine ilinunua kitenge kilekile! Bibi mmoja wa kwetu akawafuata hadi kwenye basi lao, akakaa, akapewa na chai. Kilichomrudisha ni kikadi cha shingoni chenye namba ya kiongozi. Hicho msikose, hasa kwa wazee.