Kipindi cha TV kimeyachafua mafuta yetu ya alizeti, na mashine niliwafungulia mimi

Wakuu, hasira hii ninayo tangu juzi usiku.

Kuna mfululizo wa vipindi kwenye TV, chaneli siitaji, unaoonyesha chakula cha kila siku kinavyolimwa na kusindikwa mpaka kinafika mezani. Nilikuwa naupenda. Kile cha chumvi nilikiangalia na wanangu mara mbili. Kwa hiyo waandaaji wake walipokuja Kibaigwa, huku Kongwa mkoani Dodoma, kutafuta mashine ya kukamua alizeti, niliwapokea mwenyewe. Nikasimamisha kazi za wateja nusu siku, mama watoto akawapikia ugali wa uwele na mlenda.

Wakapiga picha mafuta yakitoka. Sasa, aliyewahi kusimama kwenye mashine anajua: pale yanatoka ya moto, yana povu, yamepiga weusi, yamejaa chembe za mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Hakuna anayeyauza hivyo! Yanaingia kwenye pipa, yanatulia siku tatu nne, mashapo yanazama, ndipo tunayachuja kwa kitambaa na yanabaki na rangi ya asali. Niliwapeleka hadi chumba cha mapipa, nikachota kikombe kutoka pipa la siku ya nne. Mpiga picha akasema mwanga hautoshi, wakatoka.

Juzi wamerusha. Wameonyesha lile povu weee, kisha pembeni wakaweka chupa ya kiwanda kikubwa, mafuta yanang'aa, sauti inasema tofauti inaonekana kwa macho. Tofauti gani? Ya kwenye chupa yameshaondolewa rangi, yameshaondolewa harufu kwa mvuke na joto la zaidi ya nyuzi 200. Kama mnalinganisha, leteni na yenyewe yakiwa ghafi. Mawese, kwa mfano, yakiwa ghafi ni mekundu, mbona hayo hatukuyaona?

Halafu mashudu wameyaita taka. Mashudu! Wafuga kuku na ng'ombe wanayafuata hapa kwa bodaboda tangu alfajiri. Msimu mbaya, hayo ndiyo yanalipa umeme wa mashine.

Mkulima wa huku Kongwa anapanda, mvua ikichelewa bado anapanda, anapalilia, mwezi wa sita anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai. Gunia likitoa lita 16 tunashukuru. Mwaka 2023 bei iliporomoka mpaka wengine wakaacha kabisa alizeti. Tumerudi kwa shida, leo anakuja mtu na kamera kutumalizia.

Jana mteja wangu wa Dodoma mjini, anayechukua madumu kumi kila mwezi, kanipigia: "Kaka, watu wameona TV. Safari hii niletee manne."

Nimewapigia waandaaji mara tano, simu inaita tu. Sitaki hela yao wala samahani ya faragha. Nataka warushe kile kikombe, saa ileile, kwenye chaneli ileile. Kama tatizo lilikuwa mwanga, pipa nitalitoa nje juani. Mwenye njia ya kuwafikia anisaidie.